Sampuli ziongezwe na kompyuta au na kigeuzi? Jibu kwa msomaji wa Wete

Msomaji mmoja wa Wete, Pemba, ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Nimezihamisha kanda za marehemu baba, mia na kitu, nyingi zikiwa ni taarab alizozinasa kutoka redioni na nyengine kwenye maharusi, nikaziweka kwenye kompyuta kwa kilohezi 44.1 na biti 16. Hivi karibuni nimenunua kigeuzi cha sauti cha mtumba, kile kisanduku kinachoandikwa DAC. Aliyeniuzia pale Darajani amesema kigeuzi chenyewe huongeza sampuli ndani kwa ndani, nisijisumbue. Binamu yangu aliye Mombasa amenishikilia nitumie programu ya kompyuta ipandishe sauti hadi 384 kabla haijafika kwenye kigeuzi, akidai kwamba hapo ndipo taarab itakapofunguka. Nimfuate yupi, na je, nizigeuze faili zote moja kwa moja?"

Marahaba, mwanangu. Muuzaji wako amesema kweli, ingawa sidhani kama anajua kwa nini ni kweli. Binamu yako naye ana jambo la kweli mkononi, lakini amelitia chumvi hadi mchuzi haunyweki. Sampuli za muziki wako zitaongezwa tu, utake usitake. Kinachobaki kwako kuamua ni nani aifanye kazi hiyo, na kuhakikisha kwamba haifanywi na mtu wa tatu aliyejificha katikati bila ya wewe kumjua.

Faili yako ya kilohezi 44.1 (kilohezi moja ni mara elfu kwa sekunde) ni vipimo 44,100 vya wimbi la sauti, ndivyo viitwavyo sampuli, kwa kila sekunde, kwa kila upande, kulia na kushoto; na biti 16 ni ukubwa wa namba inayoandikia kila kipimo. Watu wengi hudhani kwamba baina ya kipimo na kipimo pana pengo tupu, na kwamba programu nzuri ni ile inayobahatisha vizuri kilichokuwemo ndani ya pengo hilo. Sivyo. Kazi za Harry Nyquist mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov mwaka 1933 na Claude Shannon mwaka 1949 zilithibitisha kwamba wimbi ambalo halina masafa yanayofikia nusu ya kiwango cha sampuli, yaani kilohezi 22.05 katika faili zako, linaweza kurudishwa zima kutokana na vipimo hivyo, kwa kuwa mchirizo unaopita kwenye nukta zote bila ya kuvuka mpaka huo wa masafa ni mmoja tu. Mfikirie fundi wa majahazi pale Nungwi akiupinda ubao mwembamba ili upite kwenye misumari aliyoigonga: ubao hauwezi kupiga kona ya ghafla, kwa hiyo misumari michache inatosha kumwonesha umbo zima la ubavu wa chombo. Ukija baadaye ukagonga misumari mengine kumi juu ya mchirizo uleule, ubavu haubadiliki. Kuongeza sampuli ni kugonga misumari hiyo ya ziada, wala hakuna mbao mpya iliyoletwa.

Kama ni hivyo, mtu atauliza, kwa nini sampuli ziongezwe hata kidogo? Sababu ni vivuli. Kigeuzi kinapozigeuza sampuli kuwa umeme, kila sauti hutoka na nakala zake juu ya masafa tunayoyasikia. Waya wa ganuni unaotoa kilohezi 1 utaacha vivuli kwenye kilohezi 43.1 na 45.1, na sauti ya kilohezi 20 itaacha kivuli cha karibu kwenye 24.1. Sikio halivisikii vivuli hivyo, lakini amplifaya na spika ndogo ya sauti nyembamba huvipokea, na zikilemewa huweza kuzaa masafa mapya ambayo huteremka hadi kwenye eneo tunalolisikia, nayo hayamo katika wimbo. Kwa hiyo lazima pawe na kichujio kinachopitisha 20 na kuizima 24.1. Kichujio kikali namna hiyo kikitengenezwa kwa kapasita na koili ni ghali, hubadilika na joto, na huichelewesha sauti ya juu na ya chini kwa viwango visivyolingana. Lakini sampuli zikizidishwa mara nne kwa hesabu kabla ya kugeuzwa umeme, zikawa 176.4, hesabu yenyewe huvifuta vivuli vya karibu, na kivuli cha kwanza cha ile kilohezi 20 hukimbilia 156.4, mahali ambapo kichujio cha kawaida tu kinatosha kukimaliza. Hiyo ndiyo hikima nzima ya jambo hili, na tangu mwanzo halikukusudiwa kuufungua muziki.

Wala si jambo la jana. CD zilipoanza kuuzwa Japani mwezi wa Oktoba 1982, Sony walikuja na kigeuzi cha biti 16 pamoja na kichujio kikali cha vifaa vya umeme, lakini Philips, ambao chipu yao ilikuwa ya biti 14 tu, waliamua kuzidisha sampuli mara nne na kuisukuma kelele ya hesabu juu ya masafa ya kusikika, wakapata ubora unaokaribiana na wa biti 16. Tangu hapo karibu watengenezaji wote wameifuata njia hiyo. Chipu nyingi za leo huipandisha 44.1 hadi 352.8 kwa kichujio chake cha ndani, kisha huendelea kuipandisha mpaka kwenye megahezi kadhaa, kwa mfano 5.6448, ndipo zitoe umeme. Kwa hiyo ile namba 384 anayoitaja binamu yako, kama imeandikwa juu ya kisanduku chako, ni kiwango cha juu kabisa ambacho kigeuzi kinaweza kukipokea mlangoni, na haina maana kwamba ukikiletea 44.1 kitabaki na njaa.

Sasa tuje kwenye hoja ya binamu yako, kwa sababu ina uzito wake. Kichujio kilichomo ndani ya chipu hufanywa kwa ubahili, maana kila kuzidisha namba hula nafasi, umeme na fedha. Ubahili uliozoeleka ni kutumia aina ya kichujio ambacho nusu ya namba zake za kuzidishia ni sifuri; kazi hupungua sana, lakini gharama yake ni kwamba kwenye kilohezi 22.05 sauti huwa imepunguzwa desibeli 6 tu (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na haizimwi kikamilifu mpaka ifike 24.1 hivi. Kompyuta haina sababu ya ubahili huo. Programu kama SoX, au kile chombo cha kugeuza kiwango kilichomo katika foobar2000, hufanya hesabu kwa uangalifu mkubwa zaidi, na huweza kukata wima kabla ya mpaka kufikiwa. Ukikiletea kigeuzi 176.4 iliyokwisha kuchujwa na kompyuta, kichujio cha chipu hakiondoki, bali hufanya kazi yake huko juu baina ya kilohezi 80 na 96, ambako hakuna tena chochote cha kuharibu. Kwa maneno mengine, umeitoa kazi nyeti mikononi mwa chipu ukampa fundi mwenye muda na vifaa. Tofauti hiyo ipo, inapimika, na mimi mwenyewe nimeiona kwenye kioo cha kipimo mara nyingi.

Lakini vivuli vinavyoachwa na ubahili wa chipu, vile vilivyo baina ya 22.05 na 24.1, ni vivuli vya sauti zilizo baina ya 20 na 22.05. Na mti usiokuwepo hauna kivuli. Kanda ya kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, na ni nadra kanda ya nyumbani kubeba muziki wa maana juu ya kilohezi 15. Zile ulizoniambia zimenaswa redioni, kama ni redio ya masafa ya kati, hazikupata kupokea zaidi ya kilohezi nne au tano hivi. Juu ya hapo kilichomo katika faili zako ni mvumo wa kanda yenyewe, ule mvumo kama wa mvua ya mbali juu ya makuti. Kwa hiyo binamu yako anakutaka umwajiri fundi hodari kabisa aje kuchuja maji katika mtungi ambao hauna tope lile analoliogopa.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo programu ina faida ya kweli, na jambo moja nataka nilieleze kwa kituo kwa sababu linawahusu hata wasiokuwa na kanda. Chukua wimbi la kilohezi 11.025, robo kamili ya 44.1, na tuseme sampuli zimeangukia pembeni mwa kilele, si juu yake: zitasomeka 1, 1, -1, -1, na kuendelea. Namba zote ziko kwenye kikomo cha kinachoweza kuandikwa katika faili, na hakuna iliyokivuka. Lakini mchirizo halisi unaopita kwenye nukta hizo hupanda hadi 1.414, yaani desibeli 3 juu ya kikomo, na anayeuchora mchirizo huo ndiye anayeongeza sampuli. Kama chipu haikuachiwa nafasi ya juu, itakikata kilele, na hapo utasikia ukwaruzo kwenye makofi, kwenye rika (lile tari dogo la taarab), au kwenye herufi za "s". Nyimbo za siku hizi, taarab ya kisasa na bongo fleva zote mbili, hukandamizwa mpaka zigonge dari, kwa hiyo jambo hili hutokea mara kwa mara. Dawa yake ni kuipunguza sauti desibeli 3 ndani ya programu kabla ya sampuli kuongezwa, na kutoa biti 24 ili upunguzaji huo usile chochote kinachosikika. Ukifanya hivyo hata usipoongeza sampuli kwenye kompyuta kabisa, utakuwa umepata sehemu kubwa ya uzuri ambao watu huusifia programu hizi.

Faida ya pili huwahusu wenye vigeuzi vya kale au vya makusudi visivyoongeza sampuli kabisa, kama vile vinavyojengwa kwa chipu ya TDA1543. Hivyo hutoa vivuli vyote nje, na kwa 44.1 hupunguza karibu desibeli 3 kwenye kilohezi 20. Mwenye kifaa hicho na atumie programu. Chako, kwa namna ulivyonieleza, si cha aina hiyo.

Huyu mtu wa tatu niliyemtaja ndiye anayeharibu zaidi kuliko wote, na watu hawamshuku. Mfumo wa kompyuta, uwe Windows au Linux, kwa kawaida hukusanya sauti za programu zote, zikiwemo zile kengele za ujumbe, na kuzichanganya kwa kiwango kimoja, ambacho mara nyingi ni 48. Simu nyingi za Android hufanya vivyo hivyo. Faili yako ya 44.1 basi hugeuzwa kuwa 48 kwa uwiano wa 160 kwa 147, ambao si mgumu kwa hesabu nzuri, lakini ubora wa hesabu hiyo hutegemea nani aliiandika na alikuwa na haraka kiasi gani. Kisha kigeuzi huipandisha tena. Kumtambua ni rahisi: kama kigeuzi chako kina kioo au vijitaa vya kuonesha kiwango, piga faili ya 44.1 na uangalie. Kikiandika 44.1, njia ni safi. Kikiandika 48 hali wewe hukuagiza, kuna mkono umepita katikati. Chagua katika programu ya kupigia muziki njia ya kukishika kigeuzi peke yake, au weka kiwango cha mfumo kiwe 44.1. Na kama unasikiliza kwa spika ya bluetooth, basi niwie radhi kwa kukuchosha, maana hapo sauti hukandamizwa upya na mjadala wote huu haukuhusu.

Nisije nikaonekana nasema kutoka kitabuni, nikuhadithie langu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kupiga muziki kwenye shughuli ya harusi mjini Unguja, na kwa kujiona hodari nikaiweka programu ipandishe hadi 705.6 kwa kichujio kirefu kupita kiasi. Nyumbani ilikuwa imekubali usiku kucha. Ukumbini palikuwa na joto la mwezi wa Februari, feni ya kompyuta ilikuwa imeziba vumbi, na kichakataji kikaanza kujipunguza kasi ili kisiungue. Katikati ya wimbo, wakati wenye kutunza wameshasimama na noti mkononi, sauti ikaanza kukatika, kwa, kwa, kwa, kama mtu mwenye kwikwi. Bi mmoja mtu mzima aliinama akaniuliza kwa huruma kama mashine imekula kanda. Niliizima programu, nikaacha kigeuzi kifanye kazi yake, na mpaka watu wanaondoka hakuna aliyelalamika kwamba taarab imejifunga. Vichujio virefu vina na dosari nyengine: kichujio chenye namba milioni moja kwa kiwango hicho huchelewesha sauti kwa takribani sekunde 0.7, kwa hiyo ukitazama video utamwona mwimbaji anafumba mdomo ndipo neno lije.

Ukitaka kujaribu, na sikukatazi, usiende 384. Namba hiyo si kigawe cha 44.1, jamaa yake ni 48. Kwa faili zako panda 176.4, na zile za 48 zipandishe 192. Programu nzuri huweza kugeuza uwiano wowote bila ya kuharibu, lakini sioni sababu ya kuitwisha mzigo usio na malipo. Angalia pia kigeuzi chako cha mtumba kinaingiliana vipi na kompyuta, kwa sababu vya zamani vinavyotumia USB ya kasi ndogo huishia 96: sauti ya 192 kwa biti 24 inahitaji megabiti 9.2 kwa sekunde, na njia ile haipitishi zaidi ya 8.2 hivi. Kama chako ni cha aina hiyo, tumia 88.2, na kwa kanda za kaseti hutapoteza kitu.

Kujaribu kwenyewe kuwe kwa haki. Sauti iliyo juu kidogo tu, hata kwa nusu desibeli, sikio huisoma kuwa ni nzuri zaidi, kwa hiyo ukipunguza desibeli 3 upande mmoja lazima upunguze na upande wa pili. Mwombe mtu wa nyumbani abadilishe huku umempa mgongo, mara 16, na uandike kila mara unadhani ni ipi. Mwenye kubahatisha tu atapata 12 au zaidi chini ya mara nne katika kila majaribio mia ya namna hiyo. Ukizipata wewe, nitaamini kwamba unaisikia tofauti, na utumie programu kwa raha zako. Mimi kwa muziki wa CD na kigeuzi cha kisasa chenye afya sijawahi kuzipata, na masikio yangu yamekuwa kazini muda mrefu, jambo ambalo huenda ndiyo sababu yenyewe.

Kuhusu kuzigeuza faili zote moja kwa moja, usifanye. Dakika moja ya faili ulizonazo ni megabaiti 10.6, ikipandishwa hadi 352.8 kwa biti 32 inakuwa 169, mara kumi na sita. Kanda mia za saa moja moja zitakujazia diski ya terabaiti moja, nazo zitakuwa hazina hata neno moja la mwimbaji ambalo halimo katika faili za sasa. Isitoshe, programu ya kesho inaweza kuwa bora kuliko ya leo, na itahitaji nakala ya asili ya kufanyia kazi. Acha sampuli ziongezwe wakati wa kupiga tu, zikatoweka wimbo ukiisha.

Kama kanda bado unazo, nguvu yako ipeleke huko. Umeniandikia 44.1 na biti 16, lakini hukunieleza kama kichwa cha deki kilisafishwa wala kama kililinganishwa na kila kanda. Kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mkao wake wa kichwa, na deki yako ikitofautiana nayo kwa mlalo mdogo tu, sauti nyembamba za fidla na ganuni hufa kabla hazijaingia kwenye kompyuta, na hapo hakuna kompyuta wala kigeuzi kitakachozifufua. Zisafishe njia za kanda kwa spiriti safi ya maduka ya dawa na pamba, unganisha kulia na kushoto ziwe sauti moja, kisha izungushe taratibu ile skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kichwa huku ukisikiliza, mpaka sauti ya juu ing'are kuliko kote. Utaisikia ikifunguka kama mtu aliyeondoa leso mdomoni. Huko ndiko kufunguka alikokuwa akikusudia binamu yako. Halafu rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96. IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, inataka isipungue biti 24 na kilohezi 48, na biti hizo za ziada ndizo zitakazokuruhusu uache nafasi juu bila ya hofu ya kugonga dari.

Kanda zitakazokuwa na ukungu mweupe kwenye kingo, na kwa unyevu wa Pemba hazitakosekana, zitenge na usizipige kwenye deki hiyo, maana ukungu huhamia kwenye kichwa na kutoka hapo ukaingia katika nyengine zote. Na anza na za maharusi. Za redioni huenda zina nakala mahali pengine, lakini zile shughuli ambazo marehemu alikaa na mashine yake pembeni mwa wapigaji, hakuna mwengine aliyezinasa.